Mkate Uliofichwa Kifuani



Kuzungumza juu ya ulafi katika Masisi kunaweza kuonekana kama dhihaka. Vilima vyetu hutoa maharagi, viazi, mahindi na maziwa, na jibini la Masisi huuzwa Goma na mbali zaidi ya Goma. Hata hivyo, tangu vita vya mwaka 1993, mara nyingi aliyelima siye aliyevuna. Familia ngapi zimeacha shamba likiwa na mazao, zikashuka kuelekea Sake na Goma na godoro kichwani? Huko Walikale, mtu hukimbilia msituni akaishi kwa mihogo mibichi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi ni nani atasimama mbele ya watu wanaokula mara moja kwa siku na kuwaambia wasiwe walafi?

Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Lakini wale wanaoongoza makundi ya vijana wanajua jambo jingine ambalo halisemwi hadharani. Wamemwona mtoto aliyetoka kambini anayeficha viazi vilivyochemshwa chini ya mkeka, ingawa nyumbani chakula sasa kipo. Wamemwona kijana aliyepata fedha ya machimbo siku ya Ijumaa, ambaye kufikia Jumapili nyama na pombe vimekwisha kuimaliza yote, naye hawezi kueleza kwa nini. Wamesikia habari za dada aliyefika mjini, au Ulaya, ambaye hula usiku jikoni, peke yake, taa ikiwa imezimwa, akalia, kesho akarudia. Hawa hawaji kutuambia. Wanaona haya, kwa sababu sisi tumezoea kumcheka mlafi, na kwa sababu katika nchi ya njaa kushindwa na chakula huonekana kuwa ni kosa la mtu asiye na akili wala utu.

Historia ya Kanisa inamjua mtu huyo kwa muda mrefu sana. Nataka tumfuate kidogo, kuanzia Misri.

Katika karne ya nne, maelfu ya wanaume na wanawake waliingia katika jangwa la Misri kumtafuta Mungu. Antoni, anayejulikana kuliko wote, alifariki mwaka 356. Baada yake mahali kama Skete na Nitria pakajaa wamonaki, wengi wao wakulima wa kawaida waliozungumza Kikopti. Mwishoni mwa karne hiyo alifika huko kijana aitwaye Yohane Kasiano pamoja na rafiki yake Jermano. Waliketi chini ya wazee wakauliza maswali, na miaka mingi baadaye Kasiano, akiwa Marseille kusini mwa Ufaransa, aliandika yale aliyoyakumbuka katika kitabu kiitwacho Mazungumzo.

Kipimo cha chakula jangwani kilikuwa mikate miwili midogo iliyokaushwa, uzito wake wote haukufika hata nusu kilo. Ililiwa mara moja, saa ya tisa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa: Warumi walihesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo saa tisa yao ndiyo saa tisa yetu ya alasiri. Hakuna haja ya kubadili chochote.

Katika Mazungumzo ya pili, Abba Musa anasimulia habari aliyokuwa akiitoa mzee mmoja, Abba Serapioni, mbele ya vijana, ili kuwafundisha. Serapioni alipokuwa mtoto aliishi na Abba Theona. Kila siku, baada ya kula saa tisa pamoja na mzee wake, alichukua mkate mmoja kwa siri akauficha kifuani, ndani ya nguo, akaula jioni mzee asipojua. Alifanya hivyo kila siku. Na kila alipomaliza kula, uchungu wa wizi ulizidi utamu wa mkate. Alitaka kuacha, wala hakuweza. Alijiona kama Waisraeli chini ya wasimamizi wa Farao: kila siku ni lazima kazi ile ifanyike, kana kwamba mtu mwingine amemwamuru. Alishindwa kumwambia mzee kwa sababu ya aibu.

Ndipo wakaja wageni. Baada ya chakula, wazee wakaanza mazungumzo ya roho, na Abba Theona akijibu maswali yao alieleza juu ya ulafi na juu ya nguvu ya mawazo yaliyofichwa, jinsi yanavyomtawala mtu kwa ukali muda wote yanapobaki gizani. Mtoto alisikia. Alidhani Mungu amemfunulia mzee siri yake. Kwanza aliugua moyoni kimyakimya, kisha kwikwi zikamshinda, akalia kwa sauti, akautoa mkate kifuani mwake mbele ya wote, akaanguka chini akaeleza jinsi alivyokula kila siku kwa siri, akiomba msamaha na maombi yao. Mzee hakumkaripia. Alimwambia awe na moyo mkuu, kwa maana kabla yeye hajatamka neno, ungamo lake lenyewe limemfungua; adui aliyemshinda akiwa amenyamaza, leo ameshindwa kwa sababu amefichuliwa. Kasiano anaongeza kwamba hapo kitu kama taa iliyowaka kilitoka kifuani mwa mtoto, nyumba ikajaa harufu ya kiberiti. Tangu siku hiyo, Serapioni alisema, hakusumbuliwa tena na tamaa ile.

Juu ya taa na kiberiti, kila mmoja asome anavyoweza. Mimi huvutwa na jambo dogo zaidi. Mikate ya jangwani ilihesabiwa. Nyumba yenye watu wawili haipotezi mkate kila siku pasipo mwenye nyumba kutambua, na nashindwa kuamini kwamba Theona hakujua. Kama alijua, alingoja. Hakumpekua mtoto, hakumtega, wala hakumtaja mbele ya wageni. Alisema ukweli juu ya ugonjwa, kwa jumla, karibu na masikio ya mgonjwa, akaacha mlango wazi. Ni dhana yangu tu, Kasiano hasemi hivyo. Lakini kiongozi wa vijana anayeisoma habari hii atajiuliza ni mara ngapi yeye ametumia njia nyingine.

Tuone pia kwamba mkate ule haukuwa anasa. Ulikuwa chakula cha maskini, kigumu, kikavu. Utumwa wa chakula haukuhitaji keki wala nyama ya kuchoma. Ulipata nafasi yake katika mkate mmoja mdogo, mahali ambapo chakula kilikuwa haba. Hapo ndipo swali letu la mwanzo linapoanza kujibiwa.

Anayelieleza vizuri zaidi ni Evagrio wa Ponto, msomi aliyeacha cheo chake mjini Konstantinopoli akaishi jangwani Misri hadi kufa kwake mwaka 399. Yeye aliorodhesha mawazo manane yanayomshambulia mtu, na ulafi akauweka wa kwanza. Ajabu ni jinsi anavyouchora. Tungetazamia meza iliyojaa na vyakula vinavyonukia. Evagrio anaandika juu ya hofu: wazo hili humjia mtu likimwonyesha tumbo lake, ini lake, ugonjwa mrefu, ukosefu wa mahitaji, na kwamba hakuna mganga karibu. Kwa Evagrio, mzizi wa ulafi ni woga wa kesho. Mtu hushika mkate kwa sababu haamini kwamba kutakuwa na mwingine.

Kitabu cha Kutoka kilikuwa kimekwisha kulisema kwa namna yake, katika sura ya 16. Watu waliotoka utumwani, wenye njaa, wanapewa mana ya siku moja. Wengine wanaweka akiba kinyume cha agizo, na asubuhi imeoza ikitoa mabuu. Nilipokuwa kijana nilisoma sura ile kama habari ya watu wakaidi. Baada ya kuona watu wakirudi kutoka kambini, naisoma kama habari ya watu walioumizwa, ambao bado hawajui kwamba Farao hayupo tena.

Sayansi imelithibitisha jambo hili kwa njia ambayo ingewashangaza wazee wa Skete. Mwezi wa Novemba 1944, vita kuu ikikaribia mwisho na Ulaya ikiwa na mamilioni ya wenye njaa, Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza jaribio pamoja na vijana 36 waliojitolea. Hawa walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, wengi wao Wakristo wa madhehebu yanayofundisha amani, na walitaka kuwasaidia wenye njaa kwa miili yao wenyewe. Kwa miezi sita walipewa chakula cha takriban kalori 1,570 kwa siku, zaidi viazi, mkate, kabichi na mboga za mizizi, huku wakitembea kilomita nyingi kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Vijana wale, waliokuwa na tabia njema na imani, walibadilika. Waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma riwaya, wakalamba sahani. Baadhi walivunja masharti kwa siri wakala, kisha wakajichukia. Na chakula kiliporudi, njaa haikuondoka. Kwa majuma na miezi walikula kupita kiasi, wengine mpaka kutapika, wakisema kwamba tumbo limejaa na bado wanaona njaa. Keys na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1950 katika majuzuu mawili makubwa. Yeyote atakayemcheka mtoto wa kambini anayeficha viazi ajue kwamba watu wazima 36, wenye afya na elimu, walifanya yaleyale baada ya miezi sita tu. Kwetu kuna waliokaa katika njaa miaka.

Kwa hiyo njaa na ulafi havisimami mbali, kimoja kwa maskini na kingine kwa tajiri. Mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Madaktari bado wanabishana kama inafaa kusema mtu anaweza kuwa mtumwa wa chakula kwa namna ileile ya mtumwa wa pombe au bangi. Lakini hali ya kula kupita kiasi mara kwa mara, bila uwezo wa kujizuia na kwa aibu kubwa, imeingia rasmi katika orodha ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani tangu mwaka 2013. Si kila kilicho ugonjwa ni dhambi. Padri mwenye busara anajua hilo, na muuguzi wa kituo cha afya naye anapaswa kuambiwa.

Turudi Afrika, safari hii kaskazini yake. Takriban mwaka 400, Agostino, ambaye tayari alikuwa askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika Maungamo. Katika kitabu cha kumi anafanya jambo ambalo maaskofu wachache wangelifanya: anaeleza mbele ya wote jinsi anavyopigana na sahani yake kila siku. Anasema Mungu amemfundisha kukiendea chakula kama mtu anavyoiendea dawa. Lakini njia ya kutoka njaa kwenda shibe inapita katika utamu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa mara nyingi haijulikani kama ni mwili unaodai haki yake au ni tamaa inayojivika nguo ya afya. Ulevi, anasema, uko mbali naye. Kula kupita kiasi humnyemelea mara kwa mara. Mtakatifu aliyeacha mambo makubwa ya ujana wake alikiri, akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, kwamba bado hajamaliza na chakula.

Katika kitabu cha tisa alikuwa ameeleza pia habari ya mama yake. Monika, msichana wa nyumba ya heshima huko Thagaste, alitumwa na wazazi wake kuteka divai kutoka katika pipa. Alianza kwa kuonja kidogo, kwa utundu wa ujana tu, wala hakuipenda. Kila siku aliongeza kidogo, mpaka akawa anamaliza vikombe. Nyumbani alikuwapo mtumishi mzee mkali sana, ambaye hakuwaruhusu mabinti wa nyumba hiyo kunywa hata maji nje ya saa ya chakula, akihofia kwamba siku moja watakuwa na funguo za ghala na mazoea yaleyale yatageukia divai. Ukali wote huo haukuona kilichokuwa kikitendeka penye pipa. Aliyejua ni mjakazi aliyekwenda naye. Na siku moja, katika ugomvi wao wawili, alimtukana kuwa ni mlevi. Monika alichomwa na neno lile, akaona ubaya wa alichokuwa akifanya, akaacha siku hiyohiyo.

Wengine wangechukua habari hii kuwa ruhusa ya kuwatukana vijana ili waache. Agostino hasemi hivyo. Anasema mjakazi alitaka kuumiza, wala hakuwa na nia ya kuponya. Mungu ndiye aliyetumia hasira ya mmoja kumponya mwingine, na mwenye kutukana asijisifu. Tusisahau pia kwamba kwa kila Monika mmoja anayeponywa na tusi, wako wengi wanaokimbilia penye pipa kwa sababu ya tusi hilohilo.

Karibu karne moja na nusu baadaye, Benedikto wa Nursia aliandika Kanuni ya maisha ya wamonaki, na katika sura ya 39 akapanga meza yao. Viwe vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula hiki ale kile. Kila mmoja apate mkate wa kutosha kwa siku, na wenye kazi nzito waweze kuongezewa. Nyama ya wanyama wa miguu minne iachwe, isipokuwa kwa wagonjwa dhaifu. Katika sura ya 34 anasema kwamba anayehitaji kidogo amshukuru Mungu asihuzunike, na anayehitaji zaidi ajinyenyekeze kwa udhaifu wake asijivune. Na katika sura ya 49, juu ya Kwaresima, anataka kila mmoja amwonyeshe abati kile anachokusudia kujinyima. Hata kufunga kusifanywe mafichoni, kwa maana penye maficho kiburi hukua kama ulafi unavyokua.

Kanuni hii ilifika nyumbani kwetu. Mwaka 1954 wamonaki Watrapisti kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mokoto, kando ya maziwa ya Mokoto, hapa wilayani Masisi. Abasia ile ya Scourmont, nitaje kwa kupita, ndiyo inayosifika duniani kwa jibini na bia ya Chimay. Na huko kwetu pia watu husema kwamba jibini la Masisi lilianza na mapadre Wabeljiji. Watu waliojinyima nyama waliacha nyuma yao ufundi wa maziwa. Sioni kinyume chochote hapo. Aliyejifunza kutokutawaliwa na chakula anaweza kukitengeneza vizuri na kumpa mwenzake.

Mokoto ilikuwa shule ya jirani: watu walisikia kengele, wakaona kwamba wako watu wanaokula kwa saa, pamoja, kimya, wakisikiliza masomo, wala hawafi. Kisha vita ikafika. Mwezi Mei 1996, watu waliokuwa wamekimbilia monasterini kutafuta hifadhi walishambuliwa humo, wengi wakauawa, na wamonaki wakalazimika kuondoka. Sielewi jinsi ya kuandika juu ya meza ya Mokoto bila kutaja damu ile. Wazee wa Skete nao walijua mambo hayo: mwanzoni mwa karne ya tano Skete ilivamiwa, wamonaki wakatawanyika, na mafundisho yao yakabaki kwa sababu waliokimbia waliyabeba vichwani.

Mfano mwingine wa nyumbani haukutoka monasterini. Floribert Bwana Chui, mlei kijana wa Goma, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alifanya kazi ya kukagua ubora wa bidhaa mpakani. Alikataa hongo ili asiruhusu chakula kilichoharibika kuingia kwa watu, akauawa mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Naye alishindana na tamaa ya tumbo, ila lilikuwa tumbo la mwingine: la mfanyabiashara aliyetaka faida kutoka midomo ya maskini.

Nisiwafiche vijana upande wa pili wa historia hii. Wapo waliolikimbia shimo la ulafi wakaanguka katika shimo la kujinyima. Abba Musa mwenyewe, katika Mazungumzo yaleyale ya pili, anaonya kwamba kufunga kupita kiasi na kula kupita kiasi vina mwisho mmoja. Katerina wa Siena, mwalimu mkuu wa Kanisa, alianza kujinyima akiwa msichana mdogo, akafika mahali ambapo hakuweza tena kula hata alipoamriwa na waungamishi wake. Alikufa mwaka 1380 akiwa na umri wa miaka 33. Utakatifu wake hauna shaka. Lakini msichana wa leo anayekataa kula kwa jina la sala asifikirie kwamba anamfuata Katerina. Amwambie mama yake, amwambie padri, aende zahanati.

Ignasi wa Loyola alijifunza jambo hilo kwa mwili wake. Huko Manresa, mwaka 1522 na 1523, alijitesa kwa kufunga kiasi cha kuliharibu tumbo lake kwa maisha yake yote. Alipokuja kuandika Mazoezi ya Kiroho, yaliyochapishwa mwaka 1548, aliweka ndani yake kanuni nane za kula, na zina upole wa mtu aliyekwisha kukosea. Mkate, anasema, hauhitaji vita kubwa, kwa maana si rahisi tamaa kuwaka juu yake. Uangalifu uende zaidi kwenye kinywaji na vyakula vitamu. Mtu asile kwa haraka, wala moyo wake wote usizame katika sahani. Ninayoipenda kuliko zote ni ya mwisho: kipimo cha mlo unaofuata kipangwe wakati mtu hana njaa, baada ya kula, na kikiisha kupangwa kisivukwe, na jaribu likija kumtaka aongeze, apunguze kidogo kuliko alivyopanga. Fundi wa vita aliyejua kwamba mapatano hayafanywi mshale ukiwa hewani ndiye angeweza kuandika hivyo. Kwa wenzetu waliotoka katika njaa, hata hivyo, sehemu ya kupunguza ingoje. Wao waanze kwa kujipangia mlo, na kuula wote.

Kutoka kwa Ignasi kuna uzi unaofika mpaka wakati wetu, kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili waligundua kwamba waliweza kukaa bila pombe kwa kusimuliana ukweli wao. Kundi lao likakua, likaandika hatua kumi na mbili, na hatua ya tano inamtaka mtu akiri mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yake na mbele ya mtu mwingine makosa yake yalivyo. Mwishoni mwa mwaka 1940, Padri Edward Dowling, Mjesuiti wa St. Louis, aliyetembea kwa mkongojo, alimtembelea mmoja wa waanzilishi hao huko New York, kwa kuwa alishangaa kuona hatua zile zikifanana na Mazoezi ya Ignasi. Mwenyeji wake hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa ameyajua Mazoezi hayo. Wakawa marafiki. Mwaka 1960, huko Los Angeles, mwanamke mmoja na wenzake wawili walizichukua hatua zilezile na kuzitumia kwa utumwa wa chakula. Makundi ya namna hiyo, ya watu wa dini zote na wasio na dini, yapo leo katika nchi nyingi.

Baada ya miaka zaidi ya 1,500, watu wasiomjua Serapioni walifika palepale alipofika: kikundi kidogo cha watu wanaosikiliza, mtu mmoja anautoa mkate kifuani, na hakuna anayecheka. Mficha uchi hazai, tunasema, na Kanisa lina kitubio kwa ajili hiyo. Lakini kabla ya kitubio huwa kuna rafiki mmoja, au mama wa jumuiya, au katekista, ambaye mbele yake mtu hujaribu kwanza kulitamka neno ili asikie kama dunia itaanguka. Vijana wengi hawafiki kwa padri kwa sababu katika hatua hiyo ya kwanza walimkuta mtu anayecheka, au anayetangaza.

Sisi wa makundi tunaweza kulinda hatua hiyo. Tunaweza pia kurudisha meza. Vita imetuzoeza kula tukisimama, kila mtu na sahani yake, saa yoyote chakula kinapopatikana, na walio na simu huila simu pamoja na bugali. Familia inayoketi kuzunguka sombe na maharagi, hata kama ni mara moja kwa siku, kwa saa inayojulikana, ikasali kabla ya kunyosha mkono, inamfundisha mtoto aliyetoka kambini jambo ambalo mwili wake umesahau: kwamba kesho pia kutakuwa na saa hii. Haitatokea kwa juma moja. Wale vijana wa Minnesota walihitaji miezi, nao walirudi katika nchi yenye amani na ghala zilizojaa.

Kitabu cha Kasiano kina neno moja zaidi. Katika Mazungumzo ya tano, mwalimu ni mzee aitwaye Serapioni, na yapo mengi ya kutufanya tuamini kwamba ndiye yule mtoto wa mkate. Anafundisha juu ya maovu makuu manane, na anaanza na ulafi. Anajua anachosema: mengine mtu anaweza kuyang'oa kabisa, lakini hili haliishi, kwa sababu mwili hauachi kuhitaji chakula mpaka kufa. Anawaambia wamonaki wamtazame tai, arukaye juu kuliko mawingu mpaka macho ya watu yasimwone, kisha tumbo likamlazimu kushuka tena mpaka bondeni.